Kwa Mpangaji Mpya wa Ghorofa ya Juu

Acha hayo maboksi. Njoo roshani, shika kikombe,
nikuonyeshe mtaa kabla mtaa haujajionyesha wenyewe.
Hiki kilima chetu cha Valparaíso kina ngazi mia mbili na tatu,
na hakuna ngazi isiyo na mtu anayekuuzia kitu.

Mkate nunua kwa Nibaldo, saa kumi na mbili na nusu,
si saa moja. Wa saa moja ni wa jana, umepigwa mvuke.
Mwenyewe hasemi uongo: ukimuuliza, anakohoa.
Jifunze kile kikohozi.

Duka la kona ni la Zunilda. Mizani yake
humwegemea Zunilda gramu ishirini,
thelathini siku ya pensheni.
Nyamaza. Ana daftari la bluu, limelegea mgongo,
na ule mwaka makuli walipogoma, bandari ikawa kimya,
tulikula kutoka kwenye lile daftari, mtaa mzima,
mpaka watoto wakasahau rangi ya pesa.
Gramu ishirini! Benki gani itakupa riba hiyo?

Ule mgahawa wa kuta za manjano,
wenye menyu ya lugha nne na kijana mlangoni akivuta watu mikono,
upite. Chema chajiuza.
Nilikwenda mara moja, mpwa wangu alilipa.
Waliniletea samaki wa kidole, sahani kama gurudumu,
na matone matatu ya kijani pembeni.
Nikauliza, mchuzi umewamwagikia?
Kijana akasema ni mapambo, mama.
Mwanangu, njaa haipambwi.

Teremka kwa Eleuterio, penye kituo cha lifti ya kilimani.
Pale chipsi zinakuja mlima, nyama na vitunguu juu,
mayai mawili yakitiririka kama yanakimbia deni.
Mafuta ni ya juzi, sikufichi. Ndiyo siri yake.
Hao wanaobadilisha mafuta kila asubuhi
wanapika usafi.

Kinyozi Rigoberto hukata vizuri upande wa kushoto.
Akifika wa kulia anaanza siasa.

Na Baa ya Nguva, mvinyo wake ni siki.
Namwambia Ismenia usoni, naye hunijibu:
basi usimalize.
Namaliza.
Mume wangu Anselmo alikalia kile kiti cha tatu miaka kumi na tisa.
Tulipomzika, Ismenia alipanda ngazi zote hizi
na mfuko wa sukari umejaa karatasi za madeni yake.
Nikajua amekuja kudai.
Akazitia jikoni kwangu, moja moja, akawasha,
akachemshia chai.
Mvinyo bado ni siki.

Unatazama nini? Ule mlango wa kijani, wenye paka?
Pamefungwa.
Palikuwa pangu. Meza tano, miaka kumi na mmoja,
kibao nilikichora mwenyewe, herufi ya mwisho ikakosa nafasi.
Watu wa hapa wana ulimi, nami ni wa hapa.
Walisema supu yangu ni maji yaliyopata habari za kuku.
Nilinuna. Nilimnunia hata Nibaldo, nikala biskuti mwezi mzima.
Juzi juzi, mvua inanyesha, nikaipika tena,
kipimo kilekile, sufuria ileile,
nikaonja nimesimama.

Ni kweli. Kuku alipita mbali.

Ila Zunilda alikuwa akija kila Alhamisi,
mabakuli mawili, analalamika tangu kijiko cha kwanza,
analipa sarafu kwa sarafu bila kuandikisha.
Sikuwahi kumuuliza alifuata nini.

Haya, gesi: msikilize anayegonga mtungi kwa spana,
si yule mwenye kengele.
Na hiyo chai uliyoshika muda wote huu, ikoje?
Usinionee haya.
Unaishi hapa sasa.